Hesabu za Mwaka Mnono

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wa ukanda wa Mnazi Bay, Mtwara

 

Nimeitwa nizungumze juu ya kufunga hesabu za mwaka na kupanga malengo ya mwaka unaofuata. Mada hii aghalabu huhubiriwa aliyefilisika. Ananyooshewa kidole, anaambiwa angeandika yasingemfika. Mimi leo nataka kusema na aliyepata. Yule aliyeuza vizuri msimu uliopita, akalipa madeni, akabakiwa na fedha mkononi, na sasa anatafuta fundi wa kumjengea banda la pili. Huyo ndiye namwogopea zaidi, kwa kuwa hakuna anayemuuliza kwa nini amepata, na yeye mwenyewe hajiulizi. Hasara humkesheza mtu na karatasi. Faida humlaza mapema.

Kabla sijafika kwake, nipitie kwanza bandarini. Gati la maji marefu la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, lakini mzigo lililojengewa haukuja. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza mpango wa kulima karanga kwenye ekari 3,210,000, sehemu kubwa Tanganyika: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Kati ya hayo, 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, huku kwetu, upande wa Nachingwea. Ndiyo sababu bandari ikajengwa hapa na reli ikatandikwa kuelekea bara. Waliotumwa kupeleleza ardhi walimaliza kazi kwa wiki 9 mwaka 1946, wakitazama sehemu kubwa ya nchi kutoka ndani ya ndege. Kongwa, ambako kazi ilianzia, Wagogo walijua vizuri jinsi mvua inavyowatupa miaka mingine, na jinsi udongo ule unavyokauka hadi jembe likagoma. Ujuzi wao haukuingia kwenye mpango. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, basi, jibu lilikuwa mezani: sehemu 5 kwa 100 ya kilichoahidiwa. Mama anayeuza maandazi, akipata sehemu 5 kwa 100 ya alichotarajia, kesho yake hakandi unga uleule. Wenye mpango walisitasita, wakapunguza lengo kidogo kidogo na kila mara wakiwa wamechelewa. Wakaguzi walipoletewa hesabu za mwaka ulioishia Machi 1949, walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vilitunzwa inavyopasa. Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa pamoja nao. Reli nayo ikaja kung'olewa baada ya uhuru. Tunaambiwa mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi tunadhani methali hiyo imetungiwa mwenye genge. Kumbe inafika hadi London.

Gati tumebaki nalo, nalo linatufaa. Lakini kosa la karanga lilikuwa jepesi kuliona: hesabu ilipiga kelele na watu wakaziba masikio. Kosa letu sisi ni la pili, na ni gumu zaidi, maana hesabu inakuja imenyooka na inatupongeza.

Mnakumbuka miaka ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya AGIP ya Italia, ikalala chini ya mchanga wa Msimbati zaidi ya miaka 20, mpaka kampuni ya Artumas kutoka Kanada ilipokuja kuitoa ili Mtwara na Lindi zipate umeme. Hiyo ilikuwa kazi ndogo. Kilichouchangamsha mji ni ugunduzi wa bahari kuu kuanzia 2010, meli za utafiti zilipokuwa zikihudumiwa kwenye bandari yetu. Viwanja vikapanda bei. Mwenye vyumba vya kulala wageni akawa anakataa watu saa mbili usiku. Mwenye gari moja akakodisha, akanunua la pili kwa mkopo. Vitabu vya mtu wa namna hiyo vya mwaka 2012, ukivikagua leo shilingi kwa shilingi, utavikuta sahihi kabisa.

Halafu? Januari na Mei 2013 zikaja vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, damu ikamwagika, na mji ukawa na askari wengi kuliko wageni. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikafunga mikanda, na eneo la kiwanda cha kusindika gesi likachaguliwa Likong'o, Lindi. Bomba lenyewe la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam likakamilika 2015 na gesi ikaanza kupita. Hapo watu wengi walitarajia neema iendelee, kwa kuwa sasa gesi inatoka kweli. Lakini bomba likishaanza kusukuma gesi halili wali, halilali gesti, wala halikodi gari. Waliokula na kulala walikuwa watafiti na wajenzi, na kazi yao ilikuwa na tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza.

Mwenye gesti angeweza kulijua hilo bila kusoma gazeti hata moja. Daftari la wageni, lile ambalo kila nyumba ya wageni inatakiwa kulitunza, lina safu ya mahali mgeni anapotoka na shughuli iliyomleta. Angekaa siku moja akahesabu: wangapi walitumwa na kampuni, wangapi ni wafanyabiashara wa korosho, wangapi ni watumishi wa Serikali wanaopita. Angeona kwamba vyumba vyake vimeegemea mikataba michache ya watu wengine. Fedha alizihesabu. Watu hakuwahesabu. Akajenga vyumba kumi zaidi.

Wenzetu waliokuwa na biashara pembezoni mwa barabara ya malori ya makaa ya mawe wameyaona hayohayo kwa muda mfupi zaidi. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, makaa ya Ruvuma yakatafutwa na wanunuzi wa mbali, malori yakamiminika bandarini, sahani za wali zikaisha kabla ya adhuhuri. Mwaka uliofuata bei ya dunia ikashuka. Sina haja ya kulirefusha.

Ila korosho nitairefusha, kwa kuwa korosho ndiyo inayoamua mwaka wetu hata kwa yule asiye na mkorosho mmoja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa na mikorosho ikabaki mbali na makazi, ubwiri unga ukaivamia, na bei aliyolipwa mkulima haikutosha hata kumshawishi apalilie. Ilituchukua hadi 2011/12 kuipita ile 145,000.

Kisha ukaja msimu wa 2017/18. Zaidi ya tani 313,000, na kwenye baadhi ya minada kilo moja ikapita shilingi 4,000. Wenye maduka wa Mtwara, Tandahimba na Newala wakaagiza mzigo wa mwaka uliofuata kwa kipimo cha mwaka ule: mabati, saruji, redio, pikipiki. Mwingi ulichukuliwa mali kauli. Oktoba 2018 minada ikafunguliwa, wanunuzi wakaleta bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Malipo yakaenda kwa uhakiki, mkulima mmoja mmoja, na wapo waliosubiri miezi. Mavuno nayo yalishuka hadi kama tani 225,000. Duka lililokopa kwa kuitegemea Desemba lilifika Machi rafu zimejaa, droo tupu, na mwenye mzigo wa Kariakoo anapiga simu kila asubuhi.

Hakuna aliyeweza kutabiri jeshi. Hilo silidai. Ninachodai ni kwamba ilikuwapo nafasi ya kuuliza mwaka 2017 uliletwa na nini. Bei ya korosho ghafi yetu inatengenezwa kwa sehemu kubwa na viwanda vya Vietnam na India. Nguvu tuliyo nayo ni ya wakati: sisi tunauza Oktoba hadi Januari, ilhali Afrika Magharibi, Ivory Coast ikiongoza, wao huvuna kuanzia Februari. Viwanda vikifika Oktoba maghala yakiwa matupu, tunapanda. Vikifika na shehena, tunashuka. Katika hayo yote, mwenye duka la mabati wa Tandahimba hana hata uzi anaoushika. Kupanga mwaka 2018 kwa kuichukua 2017 kuwa kawaida ni kumpa mnunuzi wa Ho Chi Minh ufunguo wa duka lako.

Msimu wa 2024/25 nchi ilipita tani 500,000, na minada ya kwanza ilivuka tena 4,000. Kwa hiyo nadhani nimekuja kwa wakati.

Sasa tukae na daftari. Nitachukua mfano wa kubuni, mama anayenunua pweza Msimbati na kuwauza mjini. Tuseme mwaka juzi alinunua kilo 1,500, na kila kilo, baada ya gharama, ilimwachia shilingi 1,600. Faida milioni 2 na laki 4. Mwaka jana alinunua kilo 1,200, kila kilo ikamwachia 2,500. Faida milioni 3. Amepanda laki 6. Anafurahi, na kikundi kinampigia makofi.

Mimi namwomba afanye hesabu moja zaidi. Kama bei isingebadilika, kilo zake 1,200 zingemwachia milioni 1 na elfu 920. Maana yake ni kwamba kazi yake mwenyewe, yaani kupata mzigo, imemrudisha nyuma kwa elfu 480, na soko limemzawadia milioni 1 na elfu 80. Zawadi imefunika jeraha. Mwaka soko likirudi lilikokuwa, atashangaa fedha zimekwenda wapi, atamshuku dada wa dukani, na pengine atakwenda kwa mganga, kumbe kilo 300 zilikwishaondoka wakati wa raha.

Ndiyo maana nasema malengo ya biashara ndogo yaandikwe kwa kilo, kwa vichwa vya wateja, kwa siku za kazi, na shilingi zije baadaye. Mama huyu akijiwekea lengo la milioni 4, hajajiambia afanye nini asubuhi. Akijiuliza zile kilo 300 zilikwenda wapi, majibu yatakuja yenyewe: wachokoaji wawili wa pweza wamehamia kwa mnunuzi mwingine kwa kuwa yeye alikuwa akilipa kesho kutwa, bamvua kadhaa zilimpita kwa kukosa barafu, na miezi ya kusi alikaa bure bila kujaribu dagaa au mwani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, zinajulikana tarehe zake mwaka mzima. Lengo basi ni hili: nisikose barafu siku za bamvua, nilipe palepale ufukweni. Hilo analiweza kwa mikono yake.

Kuna mambo ambayo hayamo mikononi, na hayo pia yaandikwe, lakini kwenye ukurasa wa peke yake. Wengi wenu mnavua na kununua ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilometa za mraba kama 650. Najua manung'uniko yaliyopo juu yake, na leo siyaingilii, ila kanuni za zana na maeneo ni sehemu ya mtaji wako upende usipende. Wanaovuka Kilambo kupeleka bidhaa Msumbiji wanajua zaidi. Mashambulizi yalianza Cabo Delgado Oktoba 2017, yakavuka mto hadi Kitaya Oktoba 2020, na Machi 2021 Palma ikavamiwa. Aliyekuwa na wateja wote ng'ambo alipoteza soko kwa wiki moja. Kwa watu hao swali la mwisho wa mwaka ni moja: mto ukifungwa kesho, nani atanunua? Asiye na jina la kuandika hapo asiongeze mtaji upande ule, hata kama mwaka jana ulimlipa vizuri.

Mambo mawili madogo nayapita haraka. Deni la mteja lililovuka msimu mzima bila kulipwa lisihesabiwe tena kuwa mali. Na chakula cha nyumbani unachokichota dukani kiandikwe kwa bei ya kununulia, kwa sababu mitaji mingi ya hapa haikuibiwa na mtu. Imeliwa.

Nije kwenye tarehe. Nani alitwambia mwaka unakwisha Desemba? TRA, ndiyo, na kwa ajili ya kodi lazima tuwatii. Lakini mabaharia na wakulima wa pwani hii walihesabu siku 365 kuanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, wakazigawa kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue lini kupanda na lini kusafiri. Mwaka wao ulifuata upepo na mvua. Mwenye duka anayeishi kwa korosho akifunga hesabu Desemba 31, anafunga katikati ya mafuriko: nusu ya malipo ya minada haijafika, nusu ya wadeni wanasema ngoja. Picha anayoipata ni ya mtu anayekimbia. Mimi nashauri afunge mwisho wa Februari, malipo yakiwa yametulia na wadeni wamejulikana nani ni nani. Mchuuzi wa samaki afunge kusi inapoanza kuvuma. Kila kazi ina mahali pake pa kupumua, na hapo ndipo pa kuhesabu.

Na kuhesabu kwenyewe kuna malipo yasiyohitaji hekima yoyote. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asipokuwa na kumbukumbu, alipe laki moja. Akiwa nazo, alipe asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari analipa elfu 30. Jirani yake aliyeuza kiasi hichohicho bila daftari analipa laki. Daftari lenyewe linauzwa bei gani pale stendi, mnajua.

Kwa wenye mipango ya miaka mingi, hasa ya nyumba za kupangisha Madimba na Msimbati, kuna tarehe nyingine ya kuandika ukutani. Leseni ya uendelezaji wa Mnazi Bay ilitolewa mwaka 2006 kwa miaka 25, yaani hadi 2031. Inaweza kuongezwa. Anayekopa sasa kwa kutegemea wapangaji wa gesi ahesabu kwanza miaka iliyobaki, kisha aweke kando yake miaka ya mkopo.

Nimalizie na vikundi, mama zangu, maana hapa nina ugomvi kidogo na nyinyi. Vikundi vingi huvunja sanduku Desemba, mnagawana kila kitu, hisa na faida, mnaanza Januari na sanduku jeupe. Naelewa: ada, sare, sikukuu. Lakini tazameni mkulima wetu anahitaji fedha lini. Mei na Juni anatafuta salfa na vibarua wa palizi, na wakati huo sanduku lina marejesho ya miezi michache tu. Hapo anakwenda kwa mtu wa kangomba, anauza korosho zikiwa bado maua, kwa bei ambayo Oktoba itamtoa machozi. Au anakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa. Nusu ya wanaofanya hivyo ni waume zenu na kaka zenu, na fedha za kuwaokoa zilikuwa kwenye sanduku lenu miezi mitano kabla.

Pendekezo langu ni kwamba mkivunja, msivunje lote. Wekeni fungu moja kati ya matano, muliite mtakavyo, likae hadi Juni, likopeshwe kwa salfa na palizi peke yake, lirudi baada ya mnada wa kwanza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi vyenu daraja la nne na inavitaka viwe na katiba, kwa hiyo jambo hili liandikwe kwenye katiba, lisibaki maneno ya mkutano. Na kabla hamjakubali wala kukataa, fungueni madaftari ya miaka mitatu iliyopita mhesabu ni wanachama wangapi waliomba mkopo Mei na Juni wakaambiwa sanduku halina kitu. Kikundi kitakachokuwa na jibu hilo kiniletee, tulijadili kwa namba zao.